Msafiri si lazima awe "kafiri": kula, kuswali na kupita njia ya Ukambani

Wazee wetu walisema "msafiri kafiri". Hawakumtukana mtu. Walikuwa wakieleza hali ya njia: kwamba msafiri hula asichokijua, hulala asipopapenda, na wakati wa swala humpita huku akitazama miti dirishani. Methali hii ina ukweli wake, lakini baadhi yetu tumeigeuza udhuru. Tukishapita Mariakani tunajiambia kwamba tumo mikononi mwa dereva, na basi tena.

Nimepita njia ya Mombasa kwenda Nairobi mara nyingi, kwa basi, kwa gari moshi la zamani lililokuwa likikesha njiani hadi lilipokoma mwaka 2017, na kwa treni hii mpya. Nimekwenda pia Kitui kwa njia ya Kibwezi. Nataka kumweleza msomaji, hasa yule anayefunga safari kwa mara ya kwanza au anayempeleka mzazi wake, namna ya kula chakula halali, kuswali kwa wakati na kufika salama. Mambo haya yanawezekana, tena bila taabu kubwa, iwapo mtu ataijua njia.

Siku hizi tunapanda bara kwa sababu nyingi. Wako wanaokwenda hospitali, wako wanaofuata visa kwenye balozi, wako wanafunzi, na wako wanaoelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwenda Makka, Dubai au Maskati. Wote hawa hupita Makueni, kuanzia Mtito Andei hadi Sultan Hamud. Hapo ndipo abiria wengi wa basi hupata mlo wao mmoja wa safari nzima. Kwa hiyo ni vyema tupafahamu.

NJIA SI NGENI

Kwanza tuondoe dhana kwamba huko ni ugenini kusikotuhusu. Kabla ya reli, Wakamba walikuwa wakiteremka pwani na misafara yao ya pembe za ndovu. Mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivui wa Mwendwa wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia mwaka 1849. Baadaye misafara ya Waswahili nayo ilipanda kwenda huko huko, na mpaka leo mji wa Kitui una Waislamu wake na msikiti wake, na baadhi yao ni wa nasaba ya wafanyabiashara hao wa pwani.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilikata nchi hii ya Ukambani na kufika Nairobi mwaka 1899. Hata jina la Sultan Hamud, mji mdogo ulio mpakani mwa Makueni, ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Inasimuliwa kwamba alifika hapo wakati wa ujenzi wa reli. Makindu nayo yatokana na mikindu, miti ile ile ambayo mama zetu hutumia ukindu wake kusuka mikeka.

Chakula pia ni ndugu mmoja. Mbaazi tunazozila asubuhi kwa mahamri hulimwa kwa wingi Makueni, Machakos na Kitui, na huko zinaitwa nzuu. Pojo huko ni ndengu. Nimemwona kijana wa Mombasa akitafuta pojo katika hoteli ya Emali, akaambiwa hakuna, na sufuria imejaa mbele yake! Angesema ndengu angepewa sahani mara moja. Muthokoi nao ni mahindi yaliyokobolewa ganda, yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Ni chakula cha kushibisha, na mtu aliyezoea pure hataona kigeni.

MTITO ANDEI

Mtito Andei ni takriban katikati ya njia, na mabasi mengi husimama hapo. Jina lake kwa Kikamba ni msitu wa tai. Mwenye kuuona saa nane ya usiku, mabasi ya kupanda na ya kushuka yamejipanga, taa zinawaka, wachuuzi wanapiga kelele na abiria wanakimbilia vyooni, atadhani amefika uwanja wa ndege wa nchi kavu. Na taratibu zake ni kama za uwanja wa ndege: ukichelewa unaachwa.

Jambo la kwanza kabla ya kuteremka ni kumwuliza kondakta dakika ngapi, na kumwuliza mwenyewe, si jirani yako. La pili ni kusoma nambari ya basi. Rangi haitoshi, kwa sababu mabasi matano ya kampuni moja yaweza kuwa yamesimama pamoja, mawili yakienda Nairobi na matatu yakirudi Mombasa. Tiketi, fedha na kitambulisho viteremke nawe mwilini. La tatu ni kupanga shughuli: choo kwanza, udhu na swala pili, chakula tatu. Mwenye kuanza na chakula aghalabu hukosa swala, lakini mwenye kuanza na swala bado aweza kufungiwa chapati akala garini.

Msikiti upo Mtito Andei, upo Makindu na upo Emali. Kama huna nafasi ya kuufikia, kibla hakina shida. Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa, na barabara inakwenda kaskazini-magharibi. Kwa hiyo ukielekea Nairobi, kibla kiko mbele yako upande wa kulia. Ukirudi Mombasa, kiko nyuma yako upande wa kushoto. Beba mswala mwepesi na chupa ya maji ya udhu, kwani si kila mahali mfereji unatoka maji; Ukambani ni nchi ya ukame.

Kuhusu swala yenyewe, sisi wa madhehebu ya Shafi tuna ruhusa iliyo wazi. Safari hii imepita mbali kile kipimo cha marhala mbili, ambacho wanazuoni wa leo hukikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Adhuhuri, Alasiri na Isha hukusuriwa zikawa rakaa mbili mbili, na mtu aweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Aliyetoka Mombasa asubuhi kwa basi hufika Mtito Andei mchana, akaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kituo kimoja, rakaa nne kwa jumla. Dakika kumi zinatosha.

Swala inayowapotea watu ni Alfajiri. Haikusuriwi wala haikusanywi, na basi la usiku aghalabu liko popote kati ya Emali na Mto Athi wakati huo, kulingana na msongamano wa malori. Dawa yake ni kuzungumza na dereva mapema, mkiwa bado Mombasa, tena mkiwa abiria watatu au wanne wenye haja moja. Dereva aliyeombwa kwa adabu saa nne za usiku hukumbuka. Aliyegongewa kiti saa kumi na moja alfajiri hukasirika.

SWALI LA NYAMA

Sasa tuje kwenye jambo linalowatia watu wengi wasiwasi. Katika machinjio mengi ya umma hapa Kenya, ni desturi ya miaka mingi kwamba kazi ya kuchinja hupewa Waislamu, ili nyama iweze kuliwa na watu wote. Kwa hiyo nyama ya ng'ombe iliyotoka buchari yenye muhuri, hata mwenye hoteli akiwa Mkristo, mara nyingi imechinjwa na ndugu yako. Lakini hilo si la kila mahali. Mbuzi wa kuchoma aweza kuwa amechinjwa nyuma ya nyumba, na kuku wa kienyeji ndiyo zaidi.

Wengi wetu huuliza, "Je, hii ni halali?" Swali hili halina faida. Mwuzaji atajibu "ndiyo" kwa sababu anataka kuuza, na pengine kwa sababu kwake yeye halali ni chakula safi kisichoibwa. Uliza hivi: "Nani huchinja hapa?" Mwenye jibu la kweli hulitoa papo hapo. Atakuambia ni mzee fulani wa msikitini, au nyama inatoka machinjio ya mji. Asiye na jibu utamjua kwa kusitasita kwake. Nawe muulize kwa upole, baada ya salamu. Sema "Wimuseo", yaani hujambo, na mwanamke mtu mzima mwite "mwaitu", yaani mama. Ukihudumiwa sema "muvea", asante. Maneno haya matatu yamenifungulia milango mingi kuliko fedha.

Nimewahi kumsikia mtu wetu akimkaripia mpishi mbele ya watu kwamba chakula chao "hakiaminiki". Mpishi yule alikuwa akiitwa Zainabu. Waama, aibu ilitufika sote tuliokuwa mezani.

Soseji na vile vijisoseji vinavyouzwa dirishani tuviache. Hatujui vina nyama gani. Tuangalie pia mafuta: chapati na viazi vilivyokaangwa katika karai moja na soseji vimeshiriki mambo yake. Ikiwa hukupata uhakika, hutakufa njaa. Kuna ndengu, kuna mayai ya kuchemsha ambayo hakuna mkono ulioyagusa ndani, kuna ndizi, na kuna machungwa na maembe ambayo Makueni inasifika kwayo. Chai ya maziwa ya moto ni salama kuliko maji ya jagi. Asali ya Kibwezi ina sifa, lakini jihadhari na kinywaji kiitwacho kaluvu. Hiyo ni pombe ya kienyeji, hata ukiambiwa ni kinywaji cha wazee tu.

CHAKULA CHA MAKINDU

Makindu kuna mahali ambapo Waislamu wengi hupapita wakiogopa kuuliza. Ni hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926 na wale walioachwa na kazi za reli. Humo kila mpita njia, wa dini yoyote, hulishwa bila malipo: chapati, dengu, wali, mboga na chai. Hakuna nyama kabisa, kwa hiyo lile swali la nani kachinja halipo. Masharti ni kuvua viatu, kufunika kichwa, na kutoingia na tumbaku wala pombe. Mwenye kofia yake au buibui lake hana la kuongeza! Sadaka ni hiari ya mtu.

Wako wanaouliza kuhusu kile kitamu kinachogawiwa katika ibada yenyewe. Mimi si mufti. Ninachofanya ni kula kilichopikwa jikoni kwa ajili ya wageni na kukiacha kile cha ibada kwa shukrani, na wenyewe hawajanilazimisha hata siku moja. Mwenye shaka zaidi na amuulize shehe wake kabla ya safari.

NJAA YA BURE

Nasisitiza haya kwa sababu nimeyaona madhara ya hofu. Safari moja niliketi karibu na bibi mmoja wa makamo makubwa, mwenye ugonjwa wa sukari, anayekwenda Nairobi kwa daktari. Alikuwa amemeza dawa zake kwa chai ya alfajiri. Mtito Andei hakuteremka. Alimwambia mjukuu wake, "Sijui chakula cha huku, mwanangu, nitakula tukifika." Tulipopita Kibwezi akaanza kutoka jasho na kutetemeka, na maneno yake yakawa hayafuatani.

Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa kiti cha nyuma ndiye aliyetambua. Alikata chungwa, akamshika bibi kichwa na kumwambia, "Mwaitu, nyonya hili," kisha akatoa sukari katika mkoba wake akamlambisha kidogo kidogo. Tulipofika Makindu bibi alikuwa amerejewa na fahamu zake, akaweza kula chapati. Mwenye maradhi ya sukari akimeza dawa asile, hali yake yaweza kuwa ya hatari kuliko ya mwenye sukari nyingi. Dini yetu haikumtaka bibi yule afike hapo. Tunaposafiri na wazee, tuwafungie chakula chao na tuhakikishe wanakila.

Lakini chakula cha kufunga kiwe cha akili. Wali wa nazi huchacha haraka katika joto la Tsavo. Mahamri, mkate wa sinia, sambusa kavu, mayai na tende hustahimili. Visitiwe katika kikapu au mkoba wa nguo, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake si mchezo.

Na hapa sina budi kutoa onyo. Wako waliopewa biskuti au maji ya matunda na abiria mwenzao mkarimu, wakaamka mwisho wa safari hawana mfuko wala simu. Usile kilichofunguliwa na mtu usiyemjua. Tunda unalolimenya mwenyewe ni jambo jingine.

RAMADHANI NJIANI

Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa. Anayechagua kufunga ajue jambo moja ambalo wengi hawalijui: jua la Makindu huzama baada ya jua la Mombasa. Makindu iko magharibi ya Mombasa kwa karibu nyuzi mbili, na kwa wastani tofauti hiyo ni kama dakika saba. Mwenye kufuturu garini kwa adhana ya Mombasa anayoisikia katika redio au simu amefuturu mchana. Ukifika Nairobi tofauti huwa kubwa zaidi, kiasi cha dakika kumi na moja. Litazame jua la hapo ulipo, usifuate la nyumbani.

TRENI, KITUI NA NDEGE

Treni mpya, iliyoanza kubeba abiria tarehe 1 Juni 2017, ina vituo vitatu Makueni: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Si kila treni husimama huko, kwa hiyo uliza unapokata tiketi. Kabla ya kupanda, mizigo hupangwa chini na mbwa wa polisi huipitia kwa pua. Mswala na kanzu viwe ndani ya begi lililofungwa, si juu yake.

Anayekwenda Kitui hana haja ya kufika Nairobi kwanza. Hushuka Kibwezi, akachukua matatu ya Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui, barabara ya lami. Apande mchana, na abebe maji, kwa sababu vituo ni vichache na mibuyu ni mingi kuliko hoteli. Ndugu zetu wa Garissa na Hola wanaopanda kwa njia ya Thika hupitia Mwingi, nayo ni sehemu ya Kitui. Hapo Waislamu wafanyabiashara ni wengi na chakula halali hakisumbui. Kitambulisho kiwe karibu, maana vizuizi vya polisi ni vingi.

Wanaofuata ndege wakumbuke kwamba Barabara ya Mombasa hupita njia panda ya uwanja wa ndege kabla ya kuingia mjini. Mwambie kondakta mapema akushushe huko, badala ya kwenda hadi katikati ya jiji na kurudi kwa teksi katika msongamano. Ikiwa bado ni usiku, baki ndani mpaka ofisi ya basi pakuche. Wa treni naye hushuka Syokimau, ambako uwanja hauko mbali. Wala mtu asipande basi asubuhi akitumai ndege ya jioni ile ile. Basi hutumia saa nane hadi kumi, na lori moja likipinduka karibu na Emali linaweza kuzima njia nusu siku. Toka siku moja kabla. Tiketi ya ndege iliyopotea ni hasara kubwa kuliko chumba cha usiku mmoja.

Basi ndugu msomaji, jambo kubwa katika yote haya ni kuuliza. Mwulize kondakta saa, mwulize mpishi mchinjaji, na mwulize mwenyeji njia ya msikiti. Kuuliza si ujinga. Nimeuliza Mtito Andei, Makindu, Emali na Kitui, na sikumbuki hata mmoja aliyekataa kunijibu nilipoanza kwa salamu.